Nani Alihitaji Sanduku la Midundo

Jumamosi, tarehe 17 Julai 2004. Mtaa wa Kabiria, Nairobi, uliamkia manyunyu na baridi ile ya Julai inayoingia mpaka ndani ya soksi. Ukungu ulikuwa umelalia mabati, na nguo alizoanika Selpher Nanyama jana yake zilikuwa zimelowa kuliko zilivyotoka kwenye beseni. Alikuwa akizianua, huku akimshukuru Mungu kwa kila kitu isipokuwa hali ya hewa, Ken aliposukuma lango. Alikuwa amekumbatia kitu kilichofunikwa kwa nailoni, kama mtu aliyebeba mtoto mgonjwa.

"Sasa, Dada Selpher?"

"Bwana asifiwe, Ken."

"Amina. Nimekuletea kitu, lakini tuingie ndani kwanza. Hii haitaki maji."

Ken alikuwa na chumba cha kurekodi nyimbo nyuma ya duka la shangazi yake, chumba kidogo ambacho kuta zake zilibandikwa trei za mayai ili kelele zisitoke nje. Kwaya nyingi za upande ule zilikuwa zimepita humo. Lakini watu ndio waliompelekea Ken vitu. Selpher hakukumbuka hata siku moja ambayo Ken alimpelekea mtu kitu. Kwa hiyo alimfungulia mlango, akamwekea chai, ila macho yake hayakutoka kwenye nailoni.

Kilichokuwa ndani kilikuwa kama sinia pana la kijivu. Juu yake kulikuwa na vifungo vingi vya kuzungusha, kidirisha cha tarakimu nyekundu, na chini kabisa safu ya vibonyezo vya mpira.

"Wazungu wanaita groovebox," Ken alisema. "Sisi tuseme tu sanduku la midundo. Ngoma zote ziko humu. Ngoma kubwa, ngoma ndogo, matoazi, hata besi ukitaka. Unapanga mdundo, unaliambia lianze, linapiga mpaka ulikataze."

"Na Wambua yuko wapi humo ndani?"

Ken alikohoa. Alikohoa tena, akanywa chai iliyokuwa bado ya moto mno.

"Wambua? Si Wambua ako tu. Mimi nimesema mjaribu. Mko na harusi ya Muthoni Jumamosi ijayo pale Mountain View, na mnajua ile umati itakuja. Mjaribu tu, Dada."

"Nani amekutuma?"

"Hakuna mtu."

Alijibu haraka mno. Mtu ambaye hakutumwa huwa anashangaa kwanza anapoulizwa swali kama hilo. Selpher aliinuka. Alimsindikiza hadi langoni, akarudi, akasimama mbele ya lile sanduku akiwa amekunja mikono, kama mwenye nyumba anayemwangalia mpangaji asiyemfahamu.

Kundi lao, watu wa kanisa waliliita kundi la sifa. Wale wa harusini waliliita "wale wa Selpher". Vyombo vyao vilikuwa vichache. Kulikuwa na kinanda chake mwenyewe, alichojifunza akiwa mtu mzima katika madarasa ya jioni mjini, akiketi katikati ya watoto wa sekondari waliomwita Mama. Kulikuwa na gitaa la besi la Lazarus, na ngoma za Wambua. Kulikuwa na spika mbili ambazo zilikuwa zimeombewa kuliko wagonjwa wengi. Everlyn ndiye aliyeongoza kuimba. Hakuna chombo kilichopata nafasi hapo kwa bahati tu. Kila kipya kilikaa kwanza nyumbani kwa Selpher wiki nzima, akikisikiliza, akikiombea na kukitafutia kosa. Kikipita, mzee wa kanisa alikiulizia maswali yake mawili mbele ya watu, ndipo kikapanda madhabahuni. Tarumbeta ya Ndugu Obuya ilikaa wiki yake hiyo kisha ikarudishwa kwa mwenyewe, na baada ya muda Obuya naye akahama kanisa. Watu walisema Selpher ni mkali. Yeye aliona kwamba madhabahu si stoo.

Wambua alikuwa amepiga ngoma naye tangu kanisa likiwa turubai. Alikuwa mchomeleaji wa mageti pale Dagoretti Corner, hakuwa na mke, ndugu zake wote walikuwa Machakos. Jumapili ndiyo iliyokuwa siku yake. Lakini mwezi huo alikuwa amekosa mazoezi, mara mafua, mara kazi imemzidi. Na sasa limekuja sanduku lenye ngoma zote ndani. Selpher hakuhitaji nabii amwunganishie mambo hayo. Kulikuwa na mtu aliyetaka kiti cha Wambua kiwe wazi, na mtu huyo alitaka neno la mwisho litoke kinywani mwa Selpher, ili lawama nayo iwe yake.

Alifunga mlango, akapiga magoti kando ya meza.

"Bwana," alisema, "kama sanduku hili limekuja kumwondoa mtu, lisiwake."

Akachomeka waya ukutani, akabonyeza. Likawaka. Taa nyekundu zikaanza kukimbizana chini kwa mstari, kutoka kushoto kwenda kulia, na kurudi tena kushoto. Selpher aliziangalia kwa muda. Akajiambia kwamba huenda hakuliweka ombi lake vizuri.

Midundo ya kwanza ilikuwa ya baa. Ilikuwa ile inayotikisa vioo vya Kawangware Ijumaa jioni, na alipunguza sauti upesi akachungulia dirishani kuona kama jirani yake Rael amesikia. Akazungusha kifungo hadi mdundo mwingine, na mwingine. Hatimaye akapata mmoja mtulivu. Akaketi kwenye kinanda na kupiga nao wimbo wa kumwingiza bibi harusi.

Ulikuwa mtamu. Hilo ndilo lililomsumbua. Wambua alikuwa na tabia ya kukimbia na mdundo vigelegele vilipopigwa; kwa miaka mingi Selpher alikuwa akimrudisha nyuma kwa macho, kama mtu anayevuta mbuzi kwa kamba. Sanduku halikukimbia. Halikuhema, halikutoa jasho, halikuuliza mazoezi yataisha lini. Alijikuta anatabasamu, na tabasamu hilo likamtia shaka kuliko sanduku lenyewe. Alilizima akalifunika kitenge, kisha akaketi hapo akiuliza moyo wake ulikuwa upande wa nani.

Jumapili Wambua alifika kanisani, lakini hakuenda kwenye ngoma zake. Aliketi benchi la nyuma kabisa, pembeni.

"Vijiti nimesahau, Dada," alisema Selpher alipomfuata.

"Umesahau vijiti."

"Nilibadilisha begi."

"Wewe una begi moja, Wambua."

Wambua alicheka na kuangalia chini. Ibada ilipoisha, Selpher alimwona akiwa na Ken nyuma ya choo cha kanisa, vichwa vyao vimekaribiana. Walipomwona walinyamaza wote wawili kwa pamoja. Ken akaanza kukohoa.

Lazarus, mpiga besi, alikuwa akizungusha nyaya. Alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyatumia kwa mzaha.

"Nasikia tumepata mpiga ngoma ambaye hali," alisema.

"Nani amekuambia?"

"Everlyn. Yeye ameambiwa na Ken. Sasa nauliza, wa besi naye ako njiani? Nianze kupanga maneno ya kuaga?"

"Hakuna anayeaga hapa," Selpher alisema, lakini aliisikia sauti yake mwenyewe, na haikuwa ya mtu mwenye hakika.

Alasiri hiyo aliliwasha sanduku tena. Safari hii alizungusha kifungo mpaka mwisho wa kumbukumbu ya mashine, mahali ambapo, kwa maneno ya Ken, huwekwa midundo aliyoitengeneza mtu mwenyewe. Akabonyeza. Akasikia ngoma kubwa ikitembea sawasawa. Juu yake ngoma ndogo na matoazi. Kisha, kabla ya mahali ambapo kiitikio kingeanza, mkono ukachelewa kidogo, ukagonga ukingo wa ngoma mara mbili, taratibu, kama mgeni mwenye adabu anayebisha hodi.

Selpher aliondoa vidole kwenye kinanda.

Alirudia. Ulichelewa palepale, ukabisha palepale. Hakuna mtu mwingine duniani aliyefanya hivyo. Ilikuwa tabia ya Wambua tangu siku za turubai, na Selpher angeitambua hata akiwa usingizini. Alilizima sanduku na kuliwasha tena, kana kwamba Wambua angepata nafasi ya kutoka. Bado alikuwa humo.

Kwa hiyo walikuwa wamemwiba. Ndivyo alivyowaza, na damu ikampanda. Ken alikuwa amemrekodi Wambua kisirisiri, akamtia ndani ya sinia la kijivu, na sasa walitaka kumtoa mwenyewe nje na kubaki na mkono wake. Aliomba hasira ipungue. Haikupungua sana.

Selpher alikuwa akishona sare za shule katika duka moja karibu na Tom Mboya Street. Jumatatu, saa ya chakula cha mchana, alilibeba sanduku ndani ya mfuko wa vitambaa hadi Luthuli Avenue, kwa Dedan, fundi aliyewahi kumtengenezea kinanda. Dedan alikuwa na meza ndani ya duka la mtu mwingine, amezungukwa na redio zilizofunguliwa matumbo.

"Mama, hii imekufa?"

"Haijafa. Nataka kujua kama inasikiliza."

"Kusikiliza nini?"

"Watu. Ikiwa kwenye chumba, na mtu anapiga ngoma, inaweza kumwiga bila yeye kujua?"

Dedan alimwangalia kwa huruma. "Mama, hii hata ukiitukana haijui. Haina masikio. Inajua tu kile kidole kimeiambia."

Alivaa visikilizi vyake na kuusikiliza ule mdundo wa mwisho, huku kichwa kikitikisika. Kisha akamvisha Selpher visikilizi hivyo na kuanza kuzima sauti moja baada ya nyingine.

"Sasa sikia. Hii ngoma kubwa peke yake. Iko namna gani?"

"Imenyooka."

"Imenyooka kama rula. Hiyo imepangwa na mashine. Mtu amebonyeza hapa na hapa na hapa, mashine ikanyoosha. Sasa sikia ngoma ndogo na hii ya kugonga ukingo."

Selpher alisikiliza. Mkono ulichelewa, ukabisha.

"Hiyo haijanyooshwa," Dedan alisema. "Hiyo imepigwa na vidole vya mtu, hapa kwenye mpira, polepole, na akaiacha vile ilivyo. Na alirudia sana hadi ikakubali. Huyo mtu alikaa na hii kitu siku nyingi. Anaijua kuliko mimi. Ni nani?"

Selpher alilirudisha sanduku kwenye mfuko. "Ni mtu ninayemfahamu," alisema. Lakini alipokuwa akirudi kazini hakuwa na uhakika tena kama anamfahamu. Wambua hakuibiwa. Wambua alikuwa ameketi na Ken katika kile chumba cha trei za mayai, siku za mazoezi, siku za mafua, akijaza sanduku kwa mkono wake mwenyewe. Kwa nini? Jibu lililokuja lilikuwa moja tu: walikuwa wanaanzisha kundi lao. Wangemwachia sanduku kama vile watu wanavyomwachia mlinzi mbwa wa kuchora.

Siku iliyofuata aliomba ruhusa ya kutoka mapema, akashuka Dagoretti Corner jua likiwa bado juu. Wambua alikuwa kazini kwake kando ya barabara, kati ya mageti yaliyosimamishwa na vitanda vya chuma visivyopakwa rangi. Alikuwa anachomelea akiwa ameketi juu ya kigoda. Alipomwona Selpher aliinua kinyago cha macho, akaweka chini mkono wa mashine ya kuchomelea, lakini hakuinuka.

"Karibu, Dada. Leo umekuja kununua geti?"

"Nimekuja kuuliza kama umeamua kutuacha."

"Nani amesema hivyo?"

"Vidole vyako. Nimevisikia ndani ya sanduku la Ken, na usiniambie habari za begi."

Mfanyakazi mwenzake aliyekuwa anapiga msasa upande wa pili aliona heri aende akatafute soda. Wambua alimngoja afike mbali.

"Nilimwambia Ken afute hiyo," alisema.

"Kwa hiyo ni kweli. Mnaanzisha kundi."

"Kundi gani? Mimi na nani? Ken? Ken hata kupiga makofi kanisani anakosea." Alitaka kucheka, ikashindikana. Akainama, akakunja mguu wa suruali ya kulia polepole hadi juu ya goti.

Goti lilikuwa limevimba, limeng'aa, na ngozi ilikuwa imebadilika rangi. Selpher aliketi kwenye ukingo wa kitanda cha chuma bila kuambiwa.

"Mwezi wa tano," Wambua alisema. "Tulikuwa tunapandisha tangi la maji kule Riruta. Ngazi ikateleza. Daktari akasema nisikanyage kwa nguvu. Sasa Dada, ngoma kubwa unapigaje bila kukanyaga? Kila Jumapili nilikuwa nakanyaga ile pedali kama mtu anakanyaga makaa. Nikimaliza, siwezi kutembea hadi Jumatano."

"Na hukuniambia."

"Ningekuambia, ungenipa wiki."

"Wiki?" Selpher aliuliza.

"Ungenipa wiki," Wambua alirudia, bila ukali. "Unisikilize, uniombee, unitafutie kosa. Si nakujua? Wewe huonja hata chumvi kabla ya kuitia kwenye mboga. Na kosa liko hapa, limevimba, halihitaji hata kutafutwa. Nilimwona Obuya akibeba tarumbeta yake kwenda nyumbani. Nikasema mimi nitapataje kubeba ngoma zote hizo na goti hili?"

Magari yalipita. Kondakta mmoja aliita abiria wa Kawangware, akaitikiwa na mwingine kwa matusi ya kirafiki. Selpher alimwomba Mungu neno la kusema.

"Kwa hiyo nilimwendea Ken," Wambua aliendelea. "Nikamwambia, wewe una lile sanduku la zamani hulitumii. Lipige ngoma kubwa, hiyo ya mguu tu. Mimi nipige za mikono. Tukajaribu pale kwake; hata za mikono niliziingiza humo, nisikie kama zitaenda pamoja na mguu wa mashine. Nikamwambia akuletee lakini asiseme ni mimi. Afunge mdomo."

"Ken hajui kufunga mdomo. Anajua kukohoa."

Sasa walicheka wote wawili, lakini kicheko hakikufika mbali. Shaka ya Selpher ilikuwa imebadilika sura tu, haikuondoka. Aliliangalia lile goti.

"Na ukilazwa?" aliuliza. "Au ukichelewa tu, siku moja? Sanduku lina ngoma zote, Wambua. Lina hata ule mkono wako wa kubisha hodi. Ni nani atasema likae kimya likungoje?"

Wambua aliteremsha suruali, akalifunika goti. "Hilo ndilo ninaloliogopa," alisema. "Ndiyo maana nilitaka afute."

Alhamisi walikutana kanisani, jengo la mabati lenye sakafu ya saruji. Ilikuwa jioni ya baridi na Everlyn alikuja amejifunga leso mbili. Ken alileta waya mrefu. Mzee Kibe, baba yake Muthoni na mzee wa kanisa, naye alifika, kwa kuwa harusi ilikuwa ya binti yake na alitaka kusikia wimbo wa baraka. Selpher aliwaeleza wote habari ya goti, kwa ruhusa ya mwenyewe. Lazarus alikuwa wa kwanza kusema.

"Kumbe wewe ni mgonjwa na sisi tulidhani umeokoka zaidi yetu, maana ulikuwa unapiga umefumba macho."

"Nilikuwa naomba ngoma iishe," Wambua alisema.

Wakaanza. Sanduku likapiga ngoma kubwa, Wambua akapiga kwa mikono, mguu wake umenyooshwa juu ya kiti. Ubeti wa kwanza ulikwenda vizuri, na Ken akaanza kutabasamu. Kisha wakafika mahali pa baraka.

Harusini, mahali hapo ndipo bibi harusi hupiga magoti, wazazi wakaweka mikono juu ya kichwa chake, na kiitikio hurudiwa mpaka watakapomwinua. Hakuna ajuaye itachukua muda gani. Mama mmoja huomba maneno mawili akalia. Mwingine huanzia kwa Ibrahimu. Everlyn huangalia mikono ya wazazi, Selpher humwangalia Everlyn, Wambua huwasikiliza wote. Mtu akilia, wimbo hupungua mwendo. Akisimama, wimbo huinuka naye. Ndivyo walivyofanya kazi siku zote, na hawakuwahi kuyaandika wala kuyapanga.

Everlyn alifumba macho na kuuvuta mstari wa mwisho, kama alivyozoea. Selpher akangoja. Wambua akangoja. Sanduku halikungoja. Liliendelea kutembea mbele yao kama askari aliyesahau kugeuka, na wote wakaingia mahali tofauti, Lazarus akagonga noti ambayo haikuwa ya wimbo wowote.

"Zima," Selpher alisema.

Ken akalizima. Selpher alihisi furaha ndogo isiyo njema, furaha ya mtu aliyeshuku na kuona shaka yake imethibitishwa. Aliitambua, akaikemea moyoni.

"Ngoja," Wambua alisema. "Ken, nisogezee hiyo kitu. Hapa, mkono wa kushoto. Usiianzishe."

Ken aliliweka sanduku juu ya kiti kando ya ngoma. Wambua alibonyeza mpira mmoja kwa kidole gumba, na ngoma kubwa ikasikika, mara moja. Akabonyeza tena. Kisha akachukua kijiti kwa mkono wa kulia, akamtikisia Everlyn kichwa.

Hakuna taa iliyokimbia. Sanduku halikupiga chochote peke yake. Lilipiga pale tu kidole cha Wambua kilipoliambia. Everlyn alivuta mstari, na ngoma ikangoja naye. Akaangusha sauti, ngoma ikashuka. Aliporudi kwenye kiitikio, mkono wa Wambua ulichelewa kidogo, kijiti kikagonga ukingo mara mbili. Ngoma zilikuwa chache kuliko zamani, maana mkono mmoja ulikuwa umechukua kazi ya mguu. Lakini zilikuwa zake. Walirudia mara nyingi, na hata alipokimbia kidogo mwishoni, Selpher alimrudisha kwa macho na akarudi.

Mzee Kibe alipiga makofi mepesi. Alikuwa mtu mpole, na alichosema alikisema kwa upole.

"Nimefurahi. Lakini nawauliza kama mzazi. Ken anasema mashine inaweza kupiga zote, na kwa mkono wa Wambua mwenyewe. Kwa nini tumtese ndugu yetu? Everlyn ajifunze kuifuata, ndivyo hata wale wa studio wanavyofanya. Wambua aketi na wageni, ale pilau, goti lipone."

Lazarus aliangalia nyuzi zake. Ken, ambaye angeweza kukohoa, hakukohoa. Wambua alikilaza kijiti juu ya ngoma taratibu sana.

"Mzee anasema vizuri," alisema.

Selpher aliona kwamba saa aliyoishuku tangu Jumamosi ndiyo hii, na haikuja na adui yeyote. Ilikuja na mzee mwema aliyependa watu wapumzike. Na ilikuwa kweli kwamba sanduku lingeweza. Lingenyooka, lisingekimbia, na baada ya miezi michache hakuna ambaye angeuliza Wambua yuko wapi, kwa kuwa wangemsikia kila Jumapili.

"Mzee," alisema, "kabla ya chombo kupanda madhabahuni, kuna maswali mawili ambayo wewe huuliza. Uyaulize sasa."

"Tumezoea kuyauliza Jumapili, mbele ya watu."

"Hawa ni watu."

Mzee Kibe aliwatazama mmoja baada ya mwingine. Kisha akavua kofia yake ya sufu, akasimama wima.

"Chombo hiki kitafanya kazi gani, na mikononi mwa nani?"

Selpher alitoka nyuma ya kinanda. Alikwenda akasimama kati ya sanduku na ngoma, mahali ambapo wote wangemwona, na akasema kwa sauti ambayo Everlyn alisema baadaye ilisikika hadi barabarani.

"Sanduku hili nimelishuku na nimelijaribu, na nimelikubali. Kazi yake ni kuwa mguu wa Wambua, na litakaa mkononi mwa Wambua. Ule mdundo uliowekwa humo ndani, Ken ataufuta leo, sote tukiona. Naahidi mbele za Mungu na mbele yako, Mzee, na mbele ya Lazarus na Everlyn na Ken: siku ambayo Wambua hataweza kuja, ikiwa ni harusi ya mtu mkubwa au ibada ya Krismasi, sanduku hili halitawashwa. Tutaimba kwa makofi, na atakayetuuliza ngoma ziko wapi, mimi mwenyewe nitamwambia mpigaji wetu anaumwa, na tutamwombea kwa jina lake."